Zamu za baba yake Ángel

Idi pili ya mwaka 2012 ilinikuta Harrisburg, Pennsylvania, baba yangu akiwa mgeni wangu kutoka Tanga. Sufuria ya pilau ya jana yake ilikuwa imebaki ukoko, na mwanangu wa miaka 11 hakuwa na habari nyingine mdomoni isipokuwa besiboli. Alikuwa na sababu. Wiki hiyo vijana wa Lugazi, Uganda, walikuwa Williamsport, mwendo wa gari usiofika saa mbili kutoka kwetu, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League, ligi ya besiboli ya watoto. Walikuwa wameshafungwa na Panama 9–3, lakini mwanangu alikuwa anawasimulia kama mabingwa.

Jioni akaweka DVD ya filamu ya The Perfect Game na kumkalisha babu yake kwenye kochi. Mimi nilikuwa naingia kazini saa tano usiku, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kwa hiyo niliitazama vipande vipande, huku nasafisha jiko.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Mwaka 1957 watoto wa Monterrey, mji wa viwanda vya chuma kaskazini mwa Mexico, walivuka mpaka kwa miguu, wakapita daraja la Reynosa juu ya Rio Grande na kuingia Texas wakiwa na viza ya siku tatu. Kila mtu alijua watafungwa mara moja na kurudi kwao. Wakashinda, wakashinda tena, mpaka Williamsport. Agosti 23, kwenye mechi ya ubingwa, mrushaji wao Ángel Macías aliwakabili watoto wa La Mesa, California, akawatoa wapigaji 18 mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyeigusa hata besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji. Monterrey 4, La Mesa 0. Mtoto huyo alikuwa na miaka 12. Baba akapiga hesabu kwa vidole akasema, "Basi huyu rika langu."

Baba ni mtu wa Coastal Union, timu ya soka ya Tanga, tangu utotoni, besiboli hajawahi kuiona. Mjukuu wake akampa darasa: huyu anarusha, yule ana gongo, akipiga anakimbilia besi, mpira ukidakwa hewani katoka. Baba akasikiliza kwa adabu.

"Kumbe ni rede," akasema.

"Babu, si rede!"

"Ni rede ya wenye fimbo."

Tangu hapo hakuuliza tena sheria za mchezo. Kasoro za filamu ndizo alizoziona, tena upesi kuliko mimi. Mbona watu hawa wanazungumza Kiingereza hata wakiwa kwao, wao kwa wao, na padri wao? Padri mwenyewe ni Cheech Marin, na mtoto anayecheza Ángel ni Jake T. Austin, ambaye mwanangu alimjua kutoka kwenye vipindi vya Disney akawa anamwita kwa jina la huko. Mimi kilichonichosha ni muziki. Unakuagiza ulie kabla jambo la kulilia halijatokea. Ila walipofika pale darajani, wale watoto wadogo wamebeba vifurushi vyao, nilitoka jikoni nikasimama nyuma ya kochi. Baba alikuwa ametoka kuhangaikia viza miezi mingi. Hakutikisika mpaka mtoto wa mwisho alipovuka.

Mwanangu, ambaye alikuwa ameshasoma kila kitu kuhusu mechi ile, akatutajia uzito: watoto wa Monterrey wastani wa kilo 42 hivi, wa La Mesa kilo 58.

"Hao wa pili wana umri wa cheti," baba akasema.

Nikacheka peke yangu. Ikabidi nimweleze mtoto kwamba kwetu hakuna mechi ya vijana isiyokuwa na mmoja mwenye ndevu. Naye akatueleza kuhusu watoto wa Kampala, waliofuzu kuja Williamsport mwaka 2011 wakanyimwa viza kwa sababu tarehe za kuzaliwa kwenye nyaraka zao hazikulingana. Timu ya Kanada waliyokuwa wakutane nayo ikafunga safari Januari 2012 kuwafuata Uganda, ikafungwa huko huko 2–1.

"Kwa hiyo safari hiyo daraja walivuka Wazungu," baba akasema, akaonekana kuridhika sana.

Mzozo ulikuwa bado mbele. Ángel wa kwenye filamu ana baba anayefanya kazi kwenye kiwanda cha chuma. Mzee amefiwa na mtoto wake mkubwa, na huyu aliyebaki ni kama hamwoni. Mwanangu akawaka.

"Baba gani huyu? Mtoto anacheza, yeye haji hata kuangalia."

Alisema kwa Kiswahili. Akizungumza na skrini huwa anatumia Kiingereza. Kiswahili hukitoa anapotaka nisikie mimi. Msimu ule mechi zake zilikuwa Jumamosi asubuhi, saa ambazo nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka zamu, nimelala. Mzazi wa mwenzake ndiye aliyekuwa akimpeleka na kumrudisha.

Baba akaomba filamu isimamishwe. Amestaafia reli, na mambo ya zamu anayajua.

"Mjukuu wangu, yule mzee anafanya kazi wapi?"

"Kiwandani."

"Tanuri la chuma linazimwa usiku?"

"Sijui, babu."

"Halizimwi. Mmoja anatoka, mwingine anaingia. Akiacha zamu akaenda uwanjani, glavu ananunua nani?"

"Lakini hata akiwa nyumbani hamwongeleshi!"

"Hapo kweli amekosea," baba akakubali. "Hapo mimi na wewe tuko pamoja. Hilo la kutokwenda uwanjani ndilo nakukatalia."

Nimeitazama filamu hiyo tena baadaye, na bado namuunga mkono baba. Huzuni ya yule mzee inashughulikiwa vizuri. Kazi yake imewekwa kama pazia la nyuma tu, moshi na cheche. Lakini usiku ule sikusema neno. Nilikuwa nakwangua ukoko wa pilau ambao ulikuwa umeshakwanguka zamani.

"Na wewe," mwanangu akamgeukia babu yake, "ulikuwa unakwenda kumwangalia mama?"

Nilikuwa nacheza netiboli shule ya msingi.

"Nilikwenda," baba akasema. "UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi. Walifungwa."

"Tulishinda, baba," nikamwambia kutoka jikoni.

"Mama, mlikuwa nyuma magoli manne. Nimeona kwa macho yangu."

"Hiyo nusu ya kwanza!"

Akafikiri kidogo. "Basi niliondoka. Treni ya mizigo ya Moshi ilikuwa inanisubiri."

Mwanangu alicheka mpaka akateleza kwenye kochi. Alipotulia akabonyeza rimoti, filamu ikaendelea. Saa nne na nusu nikavaa viatu vya kazini, nikawaaga. Ángel alikuwa amebakiza wapigaji sita.