Siku moja na mbelewele changa

Saa 12 asubuhi niko kwenye kitalu nyumba cha chuo, hapa Iowa, Marekani. Mbelewele ninayoitafuta, yaani shada la maua ya kiume kileleni mwa mhindi, bado haijachomoza. Imefichwa na majani yaliyojiviringisha juu ya bua. Napapasa hadi vidole vihisi uvimbe, nakata, naweka kwenye barafu.

Saa 2, hadubini. Kila ua lina vifuko vitatu vya chavua, nami navichomoa kwa kibanio na sindano. Nataka vile vya robo milimita au pungufu. Umri wa kifuko tunaupima kwa urefu wake. Kikikaribia milimita 1.5, meiosisi, mgawanyiko wa seli unaoelekea kwenye chavua, inaanza na mimi nimechelewa.

Utamu uko hapa. Wanyama wengi hutenga seli za uzazi wakiwa bado viinitete. Mhindi haufanyi hivyo. Ndani ya kifuko kichanga, seli chache za katikati hugeuka kuwa za uzazi, nyingine zikabaki seli za kawaida. Kwa nini hizo? Mwaka 2012 Timothy Kelliher na Virginia Walbot wa Stanford walionyesha kwamba sababu ni uhaba wa oksijeni. Mbelewele imebanwa na majani, na katikati ya kifuko ndiko hewa inakofika kwa shida zaidi. Walipopuliza naitrojeni humo ili kupunguza oksijeni, seli za uzazi ziliongezeka, nyingine mahali pasipo pake; walipopuliza oksijeni, zilizuiwa. Watu wa fani yangu hupenda kuanza na jeni, mimi nikaipenda hii hewa. Jeni lipo pia: MSCA1 likiharibika, seli hizo hazitokei kabisa.

Zikishatokea, hutoa protini ya MAC1 inayoziamuru seli jirani zijenge kuta za kifuko. Bila amri hiyo kifuko hujaa seli za uzazi zisizo na wa kuzilisha, na chavua hupati.

Saa 6 mchana napiga simu Mbeya, kwao saa 2 usiku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Bado unasomea mahindi?"

Namweleza kwamba mhindi usio na chavua ni mali kwa wazalishaji wa mbegu chotara: hawahitaji vibarua wa kung'oa mbelewele ili mmea usijichavushe wenyewe.

"Na hao vibarua watakula wapi?"

Swali hilo halimo kwenye utafiti wangu, ingawa lingefaa liwemo.

Mchana wote ni kuzipaka seli rangi na kuzihesabu. Saa 1 usiku nafunga mipira ya kupitishia naitrojeni kwenye mimea mitatu, mingine mitatu naipulizia hewa ya kawaida. Kisha nakagua viungio kwa povu la sabuni, maana mpira ukivuja, majibu yote ni bure.