Daftari la maswali: ninavyouza mashuka mtandaoni

Nilipoanza kuuza mashuka kwa WhatsApp na Instagram, karibu kila aliyenitangulia alinipa ushauri uleule: usiandike bei kwenye picha, andika "bei njoo inboksi", maana mteja akishaingia kwenye mazungumzo ni wako. Niliufuata kwa miezi kadhaa, na nasema wazi kwamba ni ushauri mbaya. Simu ilijaa ujumbe kutwa, bando likaisha kabla ya wiki, na wengi walikuwa wanauliza bei kisha kimya. Mwenye pesa mkononi, anayetaka shuka la kutandika kesho kwa sababu wakwe wanakuja, hakungoja nimjibu saa tatu usiku. Alinunua kwa aliyeandika bei.

Kilichonisaidia ni kaunta buku ya kwaya mbili. Kila mteja aliyeandika nilimpa mstari mmoja: tarehe, swali lake la kwanza, mahali anapoishi, alinunua au hakununua, na sentensi yake ya mwisho kabla hajanyamaza. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo mali. Baada ya wiki sita hivi nilikaa na kalamu nyekundu nikaanza kupanga zinazofanana, na nikaona kwamba bei, ambayo ndiyo niliyokuwa naihangaikia kila siku, haikuwa ndiyo iliyowafukuza wengi. Walikuwa wanaishia kwenye maneno matatu: "usafiri ni bei gani?", "mpo wapi?" na "litanitosha kweli?"

Mteja wetu hasemi hofu yake moja kwa moja, inabidi umsome. Anayeuliza "mpo wapi?" akiwa Songea hana nia ya kuja dukani, anataka kujua kama upo kweli au ni tapeli. Ukimjibu "tupo Dar" umemwacha palepale. Mimi humtumia video fupi ya stoo yangu niliyopiga siku hiyohiyo, na jina litakalotokea kwenye simu yake akilipa. "Mwisho ngapi?" ni swali zuri kuliko yote, kwa sababu anayeuliza mwisho ameshaamua kununua na anatafuta sababu ya kujisikia ameshinda. Huyo mpunguzie elfu mbili au mlipie nauli ya boda, usimsomee hotuba ya ubora. "Ngoja nijipange" maana yake hana pesa leo, na ukimsumbua kesho yake utampoteza. Tutarudi kwake. "Nipo kazini, nikitoka nitakucheki" mara nyingi ni kukataa kwa adabu. Mjibu "karibu sana" na umwache.

Na salamu. Mteja akianza na "habari yako mwanangu" usimrukie na orodha ya bei. Mwamkie, "shikamoo mama", ndipo uendelee. Kumwita mama wa makamo "mpenzi" au "my dear" kwa sababu wauzaji wote mtandaoni wanafanya hivyo kumenipotezea oda nzuri, tena za seti tatu tatu, kwa sababu akina mama ndio wanaonunua kwa wingi.

Sasa hili la "litanitosha?" nitalieleza kwa urefu, kwa sababu ndilo linalorudisha mizigo, na wauzaji wengi hawalijui. Mteja husema "kitanda changu sita kwa sita", na muuzaji humpa shuka lililoandikwa sita kwa sita. Kasoro ni kwamba hakuna aliyetaja unene wa godoro. Chukua godoro la futi 6 kwa 6, unene inchi 10. Upande mmoja ni inchi 72. Ukimpa shuka la futi 7 kwa 8, yaani inchi 84 kwa 96, kwa urefu zinabaki inchi 24, 12 kila upande: 10 zinashuka na unene, 2 zinachomekwa chini. Hapo pana nafuu ndogo. Lakini kwa upana zinabaki inchi 12 tu, 6 kila upande, na godoro lina unene wa 10. Shuka linaning'inia juu juu, halichomeki, na usiku likivutwa linajikunja lote katikati. Mteja atasema umemletea shuka dogo, na ana haki. Shuka hilohilo kwenye godoro la 5 kwa 6 la inchi 8 linakaa vizuri mno: inchi 12 kila upande, 8 za unene na 4 za kuchomeka. Kwa hiyo 7 kwa 8 namuuzia mwenye 5 kwa 6, na mwenye 6 kwa 6 namuuzia 8 kwa 8, haidhuru pakiti imeandikwa nini. Pakiti nyingine zinaandikwa ukubwa wa kitanda, nyingine ukubwa wa shuka, na nyingine zinadanganya tu. Nenda na futi kamba yako Kariakoo, fungua moja, pima palepale dukani kabla hujalipia jumla. Muuzaji akikataa usifungue, toka, maduka ya mashuka hayajaisha.

Shuka la mpira, lile lenye lastiki kwenye kingo, lina hesabu yake. Kina cha pembe lazima kizidi unene wa godoro kwa inchi mbili angalau, la sivyo kona moja itaruka kila mtu akijigeuza.

Tatizo ni kwamba mteja hajui unene wa godoro lake, na hana futi kamba. Hapa ndipo nilipopata mbinu ninayojivunia kuliko zote. Namwambia achukue karatasi ya kawaida ya A4, aisimamishe wima ikiegemea ubavu wa godoro, apige picha. Urefu wa A4 ni karibu inchi 12, upana wake inchi 8 na kidogo. Godoro likikaribia kimo cha karatasi, ni la inchi 10 au zaidi. Karatasi ikiwa imelala kwa upana na ikalingana na godoro, ni la 8. Asiye na karatasi hupima kwa shibiri, ingawa shibiri ya mtu na mtu hutofautiana. Tangu nianze kuomba picha hiyo, mizigo ya kurudishwa kwa sababu ya ukubwa imekuwa nadra, na mteja anapoona umemuuliza unene wa godoro anajua anaongea na mtu anayeijua kazi yake. Hilo peke yake hufunga biashara.

Pamba nayo hupungua ikifuliwa mara ya kwanza. Ikipungua asilimia 5 tu, inchi 96 zinakuwa 91, kwa hiyo zile inchi 2 za kuchomeka zinaondoka. Mteja wa pamba tupu mwambie mapema. Na usikubali neno "pamba asilia" kwa sababu limeandikwa kwenye lebo. Chomoa uzi kwenye pindo, uchome kwa kiberiti. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na huacha majivu laini. Poliesta huyeyuka, hunuka plastiki, na huacha kidonge kigumu cheusi. Mchanganyiko hufanya vyote viwili. Sisemi poliesta ni mbaya: haikunjamani, hukauka haraka, na mwenye nyumba ya wageni anaipenda. Sema tu ni nini unachouza.

Jaribio langu lililoshindwa kabisa lilikuwa la uwinga. Kariakoo winga ni mtu asiye na mzigo: anapiga picha za maduka ya wengine, anaziposti, mteja akilipa anakimbia kununua. Mtaji hauhitajiki, ndiyo maana kila anayekushauri anakwambia uanze hivyo. Kinachoharibika ni hiki. Picha uliyopiga Jumatatu, mzigo wake unaweza kuwa umeisha Jumatano, na mteja ameshalipa. Unazunguka Mtaa wa Congo na Aggrey kutafuta la kufanana, unalipata la kijivu kilichoiva zaidi, mistari myembamba kidogo, unasema hataona. Ataona. Ameiangalia ile picha siku nne, anaijua kuliko wewe. Mteja wangu wa Morogoro alinirudishia seti kwa basi na nikamrudishia pesa yote pamoja na nauli zote mbili, nikapoteza faida ya seti nyingine kama nne kufidia moja. Tangu hapo siposti kisichokuwa stoo kwangu. Bora rangi tano ninazozimiliki kuliko arobaini za watu. Kama huna mtaji kabisa, basi kubaliana na mwenye duka akuwekee seti mbili mbili za kila rangi pembeni, na kila asubuhi mpigie uhakikishe kabla hujaposti.

Picha napiga karibu na dirisha, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, taa zote zimezimwa. Taa ya manjano hugeuza jeupe kuwa krimu, na hapo ugomvi wa rangi umeshauanzisha mwenyewe. Naweka karatasi nyeupe pembeni ya shuka. Karatasi ikionekana nyeupe kwenye picha, rangi ya shuka ni ya kweli. Chini ya picha naandika bei, vipimo vya shuka kwa futi, kinachokuja ndani ya seti (mashuka mawili na foronya nne, kwa mfano, maana wengine huhesabu foronya kama shuka), na nauli ya kufika Dar na mikoani. Mawili kati ya yale maswali matatu ya daftari, la usafiri na la "litanitosha?", yanajibiwa kabla hayajaulizwa.

Kuhusu malipo, tumia lipa namba yenye jina la biashara, mteja humwamini mwenye jina la duka kuliko jina la mtu. Kama unapokea kwa namba ya kawaida, sema mapema "tuma na ya kutolea", usimdai baadaye. Na usitoe mzigo kwa kuona skrinishoti ya muamala. Hata ujumbe ukiingia kwenye simu yako, angalia umetoka wapi: wa kweli wa M-Pesa huja kwa jina la huduma, wa matapeli mara nyingi hutoka kwenye namba ya mtu. Piga *150*00# uangalie salio kabla hujafunga mzigo. Na mtu akikupigia kwamba amekosea, amekutumia zaidi umrudishie, usirudishe kwa mkono wako. Mwambie awasiliane na mtandao wake.

Ndani ya Dar napokea malipo mzigo ukifika, lakini nauli ya boda inatangulia. Sharti hilo moja limechuja watu wote wa mchezo. Anayekataa kutuma elfu tatu au tano ya boda hakuwa na nia ya kutoa elfu arobaini mlangoni. Kabla boda hajaondoka namuuliza mteja mambo mawili: nani atapokea kama hayupo, na kitu gani kikubwa kipo karibu, sheli, msikiti au kituo cha daladala. Kigamboni na Chanika boda wawe na bei yake peke yake, usiwaweke kundi moja na Ilala, utalipa mfukoni mwako.

Mikoani natuma kwa mabasi kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi. Mzigo upelekwe jioni ya kuamkia safari, alfajiri ofisi zina msongamano na mizigo huandikwa vibaya. Funga ndani ya nailoni kwanza ndipo salfeti, kwa sababu buti la basi linaingiza maji na vumbi. Jina, simu na mji uandike kwa maka pen pande mbili, na namba yako pia. Chagua basi linaloishia mji wa mteja au lenye ofisi pale. Mzigo wa Shinyanga ukipanda basi la Mwanza ambalo halina ofisi Shinyanga, utapitilizwa, na mteja wako atakesha stendi bure. Mtumie picha ya risiti, namba ya basi na simu ya ofisi ya kupokelea, ujumbe mmoja, asikupigie mara kumi.

Wateja walioridhika huandika maneno mazuri na sisi hupenda kuyaposti. Ficha jina, namba na picha yao. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, mtu hakununua shuka kwako ili mtaa mzima ujue anapolala.

Sasa yule wa "ngoja nijipange". WhatsApp Business inaruhusu lebo 20 za kupanga wateja kwa makundi. Moja nimeiita "Mshahara". Kila anayesema atajipanga anaingia humo pamoja na rangi aliyoitaka. Wengi wa waajiriwa ninaowauzia wanakuwa na pesa kuanzia tarehe 24 au 25, basi siku hiyo asubuhi namwandikia kila mmoja kwa jina lake: "Dada, lile la bluu bahari la 8 kwa 8 bado lipo, nikuwekee?" Nilijaribu kwanza kwa brodikasti, ujumbe mmoja kwa watu 200 na zaidi (mwisho wake ni 256), na karibu hakuna aliyejibu. Nilidhani wamechoka na mimi. Kumbe brodikasti humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako, na wengi hawakuwa wamehifadhi. Siku hizi mzigo ukishapokewa natuma ujumbe wa mwisho: hifadhi namba hii kwa jina "Mashuka", ukiona mzigo mpya kwenye stetasi nitakuwekea wa kwanza. Na ndani ya pakiti kuna kikaratasi chenye namba hiyohiyo na namna ya kufua: maji ya baridi, rangi iliyoiva peke yake, mara ya kwanza bila jiki.