Mbeya–Dar kwa ndege: hesabu ya saa ilivyo kweli

Mnaouliza ndege ya Mbeya–Dar inachukua muda gani: angani ni kama saa moja na nusu, jeti hupunguza kidogo. Kutoka Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, kwa mstari mnyoofu ni kama kilomita 690. Kwa barabara inazidi 800, maana lami inazungukia Makambako na Iringa, mlima Kitonga unateremka kwa gia ndogo nyuma ya malori, na Mikumi mbugani mwendo una kikomo.

Ila msidanganywe na hiyo saa na nusu. Uwanja uko nje ya jiji, unapita Mbalizi, njia ya Tunduma yenye malori kibao. Ondoka mjini masaa matatu kabla ya kuruka. Na ukungu wa asubuhi ukishuka, rubani asipouona uwanja hatui, anageuza. Mwenye kuunganisha ndege ya nje alale Dar usiku mmoja.