Mwanga Uliojichongea Njia

Juzi nilikuwa na binti yangu saluni, Sinza, anapakwa kucha za jeli. Alipotoa mkono kwenye kile kitaa cha zambarau akaniuliza, "Mama, mbona ndani pamekauka halafu juu bado panata?" Nikamjibu kwamba oksijeni ya hewani huizuia jeli ya juu isishikane, ndiyo maana dada anaipangusa kwa spiriti. Lakini harufu ile kali ilikuwa imeshanirudisha Mlimani, chuo kikuu, kwenye chumba cha Dokta, mwalimu wetu wa fizikia.

Mwaka wa mwisho. Dokta alitupa makala ya Kewitsch na Yariv wa Caltech, ya mwaka 1996, kuhusu mwanga unaojibana wenyewe ukipita kwenye rezini, majimaji mazito yanayogandishwa na mwanga, na kujiachia njia ya kupitia. Njia za kuongozea mwanga ndani ya rezini kwa kawaida hutengenezwa kwa kumulika rezini kupitia kinyago chenye mchoro, kisha kuosha isiyoganda. Sisi kinyago hatukuwa nacho. Mwenzangu akashuka Kariakoo, akarudi na gundi ya UV ya mafundi simu, ile ya kubandikia vioo.

Madirisha tuliyaziba, maana jua la Dar lingegandisha kila kitu. Feni tulizima ili meza isitikisike. Ilikuwa Februari, jasho lilitutiririka mpaka viwikoni. Tone la gundi lilikaa kati ya vioo viwili vya hadubini, ncha ya fiba, ule uzi mwembamba wa kupitishia mwanga, imezama ndani yake.

"Msiguse meza, vijana," Dokta akasema, na leza ya zambarau ikawashwa.

Mwanzoni mwanga ulitoka kwenye ncha ukitanuka kama wa tochi. Katikati, ulipo mkali zaidi, gundi ikaanza kushikana. Gundi iliyoshikana hupunguza kasi ya mwanga kuliko ya majimaji, kwa asilimia moja au mbili hivi, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuuvuta mwanga urudi katikati. Ukirudi katikati, unagandisha sehemu iliyo mbele yake. Sehemu hiyo nayo inauvuta zaidi. Nikauona ule upana ukisinyaa, ukisinyaa, mpaka ukabaki uzi mmoja ulionyooka, unasonga polepole ndani ya tone. Mkono wa mtu haukuwa umeuchora. Mwanga ulikuwa unajijengea njia na kuipita papo hapo.

"Leteni nyekundu," Dokta akasema, sauti imembadilika. Leza nyekundu haigandishi gundi ile, hivyo ingetuonyesha kama njia ipo kweli. Kabla ya hapo ilikuwa ikiacha doa pana kwenye karatasi upande wa pili. Safari hii ilitoka nukta moja, ndogo, nyekundu sana. Mwenzangu akapiga makofi. Mimi nililia, na sikuona haya.

Baadaye ni ripoti, mahafali, kazi ya benki. Kebo ya SEACOM, ile ya intaneti inayopita chini ya bahari, ilifika Dar mwaka 2009, na siku hizi fiba imeingia mpaka sebuleni kwangu. Dokta alitaka tupime kitu kimoja zaidi: kila sentimita ya uzi ule inapoteza mwanga kiasi gani? Muhula uliisha kabla. Kuna siku nadhani kipimo kile kingenibakiza kwenye fizikia, na kuna siku nadhani ningeingia benki vilevile. Jibu lake bado nalitaka.