Andika Kabla Hujavua Buti

Ushauri ulionitia hasara kuliko wote ni ule wa "ingieni tu pangoni, mtaandika mkishapumzika." Nilipewa na mtu mzoefu, nikaufuata. Siku ya pili ya msafara tulikaa chini ya ardhi kwa muda wa saa 11, tukarudi kambini hoi, tukala, tukalala. Asubuhi ndipo nikaandika kwenye daftari kwamba shimo la pili linataka kamba ya mita 30.

Timu iliyofuata ikabeba mita 30. Aliyetangulia alishuka hadi akafika kwenye fundo la mwisho wa kamba, akiwa bado hewani, sakafu anaiona kwa tochi lakini hana pa kukanyaga. Fundo lile ndilo lililomzuia asiteleze akaanguka. Ikambidi ageuze vifaa vyake hukohuko anakoning'inia na kuipanda kamba yote. Nilikuwa nimechanganya shimo la pili na la tatu. Jioni alinijia akaniuliza kwa upole, "Ndugu yangu, ile 30 uliipima au uliikumbuka?" Sikuwa na la kumjibu.

Nikajaribu kurekodi sauti kwa simu. Kidole chenye tope hakifungui kioo, na nilipokuja kusikiliza nikakuta ngurumo ya maji tu.

Basi nikatulia na daftari la karatasi isiyolowa maji na penseli mbili, moja nimeifunga kwa uzi shingoni. Wino hapo haufai. Juu ya ukurasa naandika tarehe, majina, nani anasoma dira, nani anachora, saa tuliyoingia, na saa ambayo ikipita hatujatoka watu waanze kututafuta. Tarehe usiidharau: kaskazini ya sumaku huhama mwaka hadi mwaka, na kipimo cha dira kisicho na tarehe hakisahihishiki vizuri.

Kipengele cha nani anasoma dira wengi walikiona cha bure. Halafu tukapima njia inayozunguka na kurudi pale ilipoanzia. Tulipoingiza namba kwenye Survex, programu ya bure ya kukokotoa vipimo vya mapango, mzunguko ukakataa kufunga. Ncha mbili zilizopaswa kukutana zilipishana mita kadhaa. Wenzangu wakataka tupime upya wote. Nikasema ngojeni kwanza. Kila hatua, yaani kipande cha njia kati ya alama mbili za kupimia, tulikuwa tumeisoma kwa dira mara mbili, kwenda na kurudi, na masomo hayo hupaswa kutofautiana kwa nyuzi 180. Nikapita mstari kwa mstari na mshumaa wangu. Hatua moja ilisoma 143 kwenda, na badala ya 323 kurudi ikasoma 331. Nyuzi 8 kwenye mita 18 ni kama mita mbili na nusu pembeni! Nyingine nne zilikuwa na kasoro, na zote tano kwa kurudi zilisomwa na mtu mmoja. Tukamwita na kofia yake. Alipoisogeza dira karibu na betri ya taa yake, sindano ikayumba mbele ya macho yetu. Tukarudia hatua tano tu badala ya sitini na kitu.

Kushirikishana ni jioni ileile, kabla sijavua buti. Kila ukurasa unapigwa picha, nakala inabaki kambini, nyingine inaondoka na yeyote anayetoka kambini. Mahali hasa mlango ulipo tunawapa wanaohusika tu, kwa sababu mawe yaliyoota kwa maelfu ya miaka huvunjwa kwa dakika, na popo hawataki wageni.

Kila njia ambayo hatujaifuata tunaipa namba na alama ya kuuliza. Namba 17 iliandikwa na mwenzetu siku yake ya mwisho: "Nyembamba, usawa wa goti, upepo unatoka." Siku sita baadaye tulitambaa humo mita 9 tukasimama kwenye ukumbi ambao taa zetu hazikufika ukutani. Jioni tukampelekea picha ya ukurasa wake, pembeni yake mchoro wa ukumbi.