Mchanga, ngazi na paja langu baada ya upasuaji wa ACL

Baada ya upasuaji wa ACL, ile ligamenti ya ndani ya goti inayoshikanisha mifupa, paja langu la kushoto lilisinyaa mpaka kaptula ikawa inapwaya upande mmoja. Fizio, mtaalamu wangu wa mazoezi ya tiba, alinieleza kwamba goti likivimba, msuli wa mbele ya paja huzimwa na mfumo wa neva wenyewe, hata ujitahidi vipi. Kwa hiyo tulianzia sakafuni: taulo lililokunjwa chini ya goti, nalikandamiza, kiganja juu ya paja kusikilizia kama linakaza. Mwanzoni lilitetemeka tu.

Washikaji wa ndondo, soka la mtaani, walikuwa na dawa moja: nenda ufukweni, mchanga ndio unaojenga miguu. Kuchosha unachosha kweli. Kutembea kwenye mchanga mkavu hula nguvu zaidi ya mara mbili ya kutembea sehemu ngumu. Lakini niliporuhusiwa kuujaribu pale Coco Beach, vilivyowaka moto ni vigimbi na makalio. Paja la mbele, lenye shida yenyewe, wala halikushtuka. Mguu unazama, mchanga unameza kishindo, paja linakosa kazi ya kufunga breki. Isitoshe unyayo unayumba huku na huku, na mimi kano niliyopandikizwa badala ya ACL ilitolewa nyuma ya paja, bado changa.

Nikahamia mchanga mbichi. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, hubaki eneo pana, tambarare na gumu, mguu hauzami. Paja linafanya kazi karibu kama kwenye lami, ila goti halipigwi sana. Ratiba yangu ikawa inafuata maji kujaa na kupwa. Cha kuangalia ni mteremko: ukienda upande mmoja tu, mguu wa upande wa bahari unashuka chini zaidi na nyonga inapinda. Ndiyo maana nilikuwa nakwenda na kurudi kwa umbali uleule.

Ila kilicholiamsha paja hasa ni ngazi za saruji nyumbani: kushuka polepole, mguu mbovu ukibaki juu kubeba uzito. Hapo hakuna upepo wa bahari wala picha ya kuweka status.

Nyasi bandia nimeziweka mwisho. Njumu zinang'ang'ania, mwili unageuka, mguu umebaki. Fizio anataka kushoto kufikie walau asilimia 90 ya nguvu ya kulia, na miezi 9 iwe imepita tangu upasuaji, ndipo nirudi huko. Kwa sasa napiga danadana mtaani, nimevaa raba.