Jiwe Lililoitwa Chupa

Mwaka 2003 nilikuwa nauza kahawa Arusha, si mbali na Mnara wa Saa, kwenye kona walikojazana magonga, madalali wa tanzanite. Ukuta wa 2018 unaozunguka migodi ya tanzanite ya Mirerani ulikuwa bado haujajengwa. Mawe yaliingia mjini mfukoni mwa yeyote.

Asubuhi moja akaja chalii mmoja, vumbi jeusi la kinywe limemganda kwenye kucha. Akakaa kwenye benchi langu, akamfungulia mzee mmoja jiwe lililokuwa ndani ya karatasi ya sigara. Mzee yule tulimjua sote kwa utapeli wake, koti safi na sauti ya upole.

Hakuliangalia mara mbili. "Chupa hii, mwanangu." Akamrudishia, akaendelea na kahawa.

Chalii akabisha. Mzee akatoa mfukoni kipande chake cha bluu, kioo kitupu. "Hata mimi nililizwa hivi hivi. Nakitunza nisisahau." Kisha akalichukua lile jiwe, akalinyanyua juani. "Tanzanite ya kweli ukiigeuza inabadilika rangi. Hili linabadilika?" Akawa analizungusha kama usukani: linazunguka kweli, lakini uso unaomtazama kijana ni uleule. Bluu, bluu, bluu.

Mimi nilikuwa nimechuchumaa, namimina. Kutokea ubavuni niliona zambarau, kisha wekundu kama wa rozela iliyokolea. Sikusema neno. Nilikuwa na miaka 16, na naumia mpaka leo.

Mzee akainuka kuondoka. Nimeziwaza sana hatua zile chache. Ndizo zilizonunua jiwe, kuliko maneno yote. Kijana akamkimbilia: "Mzee, nipe hata ya nauli." Akapewa shilingi 10,000 na onyo kwamba akiendelea kuuza chupa atafungwa. Alizipokea kwa mikono miwili.

Kwa nini hakulipeleka kwa gonga mwingine? Jibu lilikuja kesho yake: mwanaApollo, yaani mchimbaji wa tanzanite, mwenye macho mekundu, akiulizia jiwe lililochomolewa chini ya godoro lake. Miezi minane alikuwa akishuka shimoni bila kupata kitu, mpaka alipolipata hilo.

Nikamweleza yote, hata ile 10,000. Aliniuliza swali moja tu.

"Ulipoliona, lilikuwa na wekundu?"

"Lilikuwa nao, kaka."

Akakaa. Kahawa niliyommiminia ilipoa kikombeni, hajaigusa.